Meza ya Bwana Mahali pa Mjeledi

Leo twawaalika tutembee pamoja, kwa miguu ya fikira, katika Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, mjini Unguja. Ni kanisa la Anglikana, nasi Wakristo wa Kenya tuna fungu letu katika habari zake, kama mtakavyosikia.

Tuingie kwa upande wa soko la Darajani, penye samaki, viungo na makelele ya wachuuzi. Mbele yetu twaona minara miwili iliyokaribiana, mmoja wa kanisa na mmoja wa msikiti. Hapa ndipo palipokuwa soko kubwa la watumwa. Watu waliotekwa mbali huko bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, walipangwa mistari hapa, wakakaguliwa meno na maungo kama ng'ombe wa mnada. Wala dhambi hiyo haikuwa ya kabila moja. Waarabu na Waswahili walifanya biashara, machifu wa Kiafrika waliuza watu, Wahindi walikopesha fedha, nao Wafaransa walinunua watumwa Kilwa kwa mashamba ya visiwa vyao.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko likafungwa. Sikukuu ya Krismasi mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa, na Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikafanywa, ingawa jengo lilikuwa halijamalizika. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule yule aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870.

Haya, tuingie ndani. Karibu na mlango kiongozi atatuonyesha nguzo ambazo, husimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu alipokuwa safarini. Wageni hucheka kidogo. Lakini tukifika mbele, kicheko hukoma. Penye Meza ya Bwana sakafuni pana duara la marmari. Mapokeo ya kanisa husema hapo ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Nyuma ya Meza ndipo alipozikwa Steere, aliyefariki mwaka 1882. Pana pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Tusiwasahau Susi, Chuma na wenzao, Waafrika waliouchukua mwili wake hata pwani.

Tutoke nje. Uani pana shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Karibu hapo, chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni, pana vyumba vyenye dari fupi, hata mtu mzima hana budi kuinama. Wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Baadhi ya wanahistoria wana shaka, maana hospitali ilijengwa baada ya soko kufungwa. Hatuna haja ya kugombana na kiongozi. Ila yatupasa kukumbuka kwamba dhambi hii ni nzito ya kutosha. Haihitaji kuongezwa chumvi. Wala tusiipunguze. Kufungwa kwa soko hakukumfanya kila mtumwa kuwa huru. Hali ya utumwa haikuondolewa kwa sheria Unguja hata mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya hata mwaka 1907.

Na sasa, wapendwa, tuvuke bahari turudi kwetu, maana lile fungu letu liko hapa. Mapatano yale ya 1873 yalianzishwa na safari ya Sir Bartle Frere. Kwa jina lake kijiji cha Freretown kilianzishwa karibu na Mombasa na misheni ya CMS, ili kupokea watumwa waliookolewa baharini. Mnara wa kengele yake ungali umesimama. Wengi walisoma huko, wakawa walimu na wahubiri, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kufikia mwaka 1881 habari zilifika kwa Balozi wa Uingereza Unguja kwamba watu wa kijiji hicho walikuwa wakichapwa viboko vikali kwa amri ya wasimamizi wa misheni. Uchunguzi ukafanywa, na aibu ikawa kubwa.

Mwaona jambo hili? Huko Unguja Meza ya Bwana iliwekwa mahali pa mjeledi. Huku kwetu mjeledi uliinuliwa karibu na Meza ya Bwana. Ni Anglikana wale wale, na ni miaka ile ile. Basi kujenga kanisa juu ya mahali pa dhambi hakutoshi, ikiwa dhambi yaweza kuingia kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa mavazi ya utaratibu na adhabu.

Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alitaka apokewe kama ndugu. Je, yule msichana wa kazi nyumbani mwetu, tunampokeaje? Amelipwa mshahara wake? Hula anachokula mtoto wetu? Jumapili tunapokwenda Mezani, yeye huachwa jikoni? Tusihesabu minyororo ya Unguja na huku tumeshika ncha ya mnyororo mwingine.

Tuombe. Ee Bwana, uliyechapwa kwa ajili yetu, utuondolee mjeledi mikononi na moyoni, ili yeyote aliye chini ya dari yetu ajue kwamba ameingia nyumbani mwa ndugu. Amina.