Jinsi ya Kupakia Spika Kubwa Kwa Noah Bila Kujiumiza

Msee, umepata kazi ya kupiga ngoma Homa Bay wikendi na spika zako ziko Migori. Lori ni doo mob, lakini Noah ya beshte iko. Inawezekana, ila anza na tepu, si nguvu.

Pima mlango wa nyuma kwanza. Spika ya besi ya inchi 18 huwa na upana wa sentimita 60 hivi; ikikwama hapo, umekwisha. Viti vya nyuma vikunje kando.

Boksi nzito zikae chini, zisukume mpaka zishike mgongo wa viti vya mbele. Koni iangalie blanketi, isiguse chuma. Amp ikae sakafuni. Funga kila kitu na mikanda ya lori.

Ukishapita Awendo, ukate Rongo kuelekea Homa Bay, kumbuka hii: ukishika breki ghafla, boksi la kilo 50 halijui breki. Litakuja kisogoni. Kwa hivyo usibebe mtu nyuma, hata kama ni mbogi yako.

Na kama ni matanga, kelele ikipita kiwango, kanuni za NEMA za 2009 zinataka leseni. Itafute mapema.