Starlet ya zamani na GR Yaris ya leo: ni gari gani linashika barabara vizuri?

Kwenye parkingi za taksi katika miji ya mashariki mwa inchi, magari madogo ya Toyota njo mengi: Vitz, IST, Runx, na Starlet za zamani ambazo mafundi wa garaji hawajakubali zife. Yote ni ya umbo moja: mafupi, na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo. Wengi wanayajua kama magari ya kazi na ya familia. Lakini kiwanda kilekile kilitoa pia ndugu zao wa mbio, wenye turbo na nguvu nyingi, na kati ya vijana wanaopenda magari ubishi hauishi: je, gari jipya la mbio linashika barabara kuliko lile la zamani?

Jibu fupi ni ndiyo, tena kwa mbali. Lakini kwa mutu anayeendesha Kamina, upande wa Sanga, ao kwenye barabara yoyote ya udongo, jibu hilo halitoshi. Vitu vinavyofanya gari jipya lishike lami vizuri vinaweza kuwa shida pale lami inapoisha.

Kushika barabara maana yake nini

Gari linagusa chini kwa sehemu nne tu. Kila sehemu ya pine inayokaa juu ya barabara ina ukubwa wa karibu kiganja cha mkono. Kuongeza mwendo, kufunga freni na kukata kona, vyote vinapita katika viganja hivyo vine. Amortisa na resori kazi yake ni kuhakikisha haviachi barabara. Pine likiruka hewani hata nusu sekunde, kwa muda huo halina freni wala volani.

Kwa hiyo gari linaloshika barabara ni lile linaloweza kuweka mapine yake manne chini, kwa uzito uliogawanyika vizuri, hata barabara ikiwa mbaya ao kona ikiwa kali. Nguvu ya motere ni neno lingine kabisa.

Familia moja, miaka zaidi ya arobaini

Starlet iliyotoka mwaka 1978 ilikuwa gari jepesi, chini ya kilo 800, na magurudumu ya nyuma njo yalikuwa yanalisukuma. Shofa akikanyaga esansi ndani ya kona, mkia unatoroka kwenda pembeni. Kwenye udongo, shofa anayejua kazi aliweza kuurudisha kwa volani. Asiyejua alijikuta anaangalia kule alikotoka.

Mwaka 1984 Starlet ikageuka: sasa magurudumu ya mbele njo yanavuta gari. Nafasi ikaongezeka ndani, na gari likawa rahisi kwa mutu wa kawaida. Hapo njo zikaja Starlet za turbo. Ile ya GT Turbo, ya miaka ya 1989 hadi 1995, ilikuwa na motere ya litre 1,3 yenye nguvu za farasi 135, juu ya gari la kilo karibu 830. Mwaka 1996 ikafuata Glanza V, yenye nguvu zilezile, hadi Starlet ilipoacha kutengenezwa mwaka 1999 na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz, ambayo Ulaya inaitwa Yaris.

GR Yaris ilionyeshwa Japani mwezi wa kwanza wa 2020. Ina motere ya litre 1,6 yenye silinda tatu tu, lakini kwa soko la Japani ilitoka na farasi 272. Uzito wake ni kilo karibu 1280. Ukigawanya, kila farasi wa Starlet GT Turbo anabeba kilo kama 6, na kila farasi wa GR Yaris anabeba chini ya kilo 5. Ni kusema gari jipya ni zito zaidi kwa kilo 450, na bado linakimbia zaidi.

Starlet ya turbo: pua inakataa, kisha mkia unatoroka

Tatizo la Starlet ya turbo linatokana na mapine mawili ya mbele kufanya kazi mbili. Yanavuta gari, na palepale yanalielekeza. Turbo ikiamka ghafla katikati ya kona, mapine yanatumia nguvu yake yote kuvuta, hayabaki na ya kugeuza. Volani inavutavuta mkononi, na pua ya gari inaenda moja kwa moja kuelekea nje ya barabara.

Shofa akiogopa na kuachia esansi ghafla, uzito wote unaangukia mbele. Nyuma inakuwa nyepesi. Kwa sababu Starlet ni fupi, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna metre 2,30 tu, mkia unazunguka haraka sana. Hakuna kompyuta ya kumsaidia shofa: Starlet haikuwa na ile mitambo inayofunga freni ya gurudumu moja moja ili kunyoosha gari linaloanza kuserereka.

Lakini Starlet ina uzuri wake. Inasema mapema. Mapine membamba yanalia, gari linaegama, volani inatetemeka, na yote hayo yanatokea mwendo ukiwa bado wa chini. Shofa anayesikiliza anapata nafasi ya kupunguza kabla mambo hayajaharibika.

Kitu ambacho GR Yaris ilibadilisha

Katika GR Yaris magurudumu yote manne yanasukuma. Shofa anaweza kuchagua namna ya kugawa nguvu: zaidi mbele, zaidi nyuma, ao nusu kwa nusu. Mapine ya mbele yanapumzishwa, yanabaki na nguvu ya kugeuza. Nyuma, kila gurudumu lina mikono yake, tofauti na Starlet ya turbo ambayo magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa kwenye kiungo kimoja: moja likipanda jiwe, lingine nalo linasukwasukwa. Bodi ni ngumu zaidi, na paa limetengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili uzito wa juu upungue.

Matokeo ni kwamba kona ambayo Starlet ilikuwa inaipigania, GR Yaris inaipita shofa akiwa anazungumza na rafiki. Njo hapo hatari mpya inaingia. Gari linalotulia kwenye mwendo mkubwa linaficha mwendo huo. Onyo lake linachelewa, na linapofika, gari liko mbali sana juu ya mwendo ambao Starlet ingekuwa imeshapiga kelele.

Hesabu haibadiliki kwa sababu gari ni jipya. Ukitoka kilometre 40 kwa saa ukaenda 80, nafasi unayohitaji ili freni isimamishe gari haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Nguvu inayolisukuma gari nje ya kona nayo inakuwa mara nne. Mitambo inasaidia kutumia vizuri ule mshiko uliopo. Kuongeza mshiko ambao mapine hayana, haiwezi.

Safari Rally inaonyesha nini

Kwa watu wa Afrika ya Mashariki, shule kubwa ya gari dogo kwenye udongo ni Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953. Iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä alishinda, na Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza. Mwaka 2023 ilikuwa Ogier tena, 2024 Rovanperä tena, na 2025 Elfyn Evans. Miaka mitano, Toyota peke yake.

Lakini ile Yaris ya rally si ile inayouzwa dukani, hata kama sura zinafanana. Ndani ni mifupa ya bomba za chuma. Kwa ajili ya Kenya, mafundi wanaliinua gari, wanaweka amortisa zinazoshuka na kupanda sana, na miaka hii wanapandisha bomba la kuvuta hewa kando ya kioo cha mbele ili motere isimeze vumbi na maji. Mapine yao yana kuta nene. Wenye ujuzi wote huo, wakifika kwenye udongo wa Afrika, jambo la kwanza wanalofanya ni kuacha ile mipangilio ya lami.

Barabara ya Kamina na Sanga

Kamina inajulikana kama makutano ya reli: njia ya Lubumbashi, ya Kasai na ya kuelekea Kabalo zinakutana hapo. Kwa upande wa barabara, udongo na mchanga njo vinatawala. Wakati wa ukavu, mchanga unalala juu kama unga. Mvua ikianza, kuanzia mwezi wa kumi, magari makubwa yanachimba mifereji ambayo gari dogo linaweza kulalia tumbo.

Hapo namba za mapine zinasema mengi. Pine la Starlet GT Turbo liliandikwa 175/60 R14: upana wa milimetre 175, na ukuta wake ni asilimia 60 ya upana huo, sawa na milimetre 105. Pine la GR Yaris ya juu ni 225/40 R18: upana 225, ukuta asilimia 40, sawa na milimetre 90, juu ya jante kubwa zaidi. Ukuta huo njo unaomeza jiwe na shimo. Ukiwa mfupi, kipigo kinafika kwenye jante na kwenye amortisa. Na kwenye matope mepesi, pine pana lenye meno madogo linaelea. Halifiki kwenye udongo mgumu wa chini.

Freni zenye kompyuta nazo zina tabia yake. Juu ya lami yenye maji zinaokoa watu, kwa sababu gari linaendelea kusikia volani. Juu ya changarawe na mchanga, zinaweza kurefusha nafasi ya kusimama, kwa kuwa haziachi pine lijifunge na kukusanya udongo mbele yake. Shofa aliyezoea lami ya Lubumbashi anapaswa kuacha nafasi kubwa zaidi akitoka nje ya mji.

Tena kuna neno la volani. Starlet za turbo zilitengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo volani yake iko kuume, sawa na Vitz na IST nyingi zinazotoka kule. Kongo tunatembea kuume. Shofa anayetaka kupita lori anakaa upande wa majani, haoni kinachokuja mpaka atoe karibu gari lote nje. Gari likishika barabara namna gani, haliondoi shida hiyo.

Kabla ya kununua ao kubadilisha

GR Yaris ni chache sana kwetu. Jambo linaloonekana zaidi ni vijana kugeuza Vitz ao IST ifanane nayo: jante kubwa, mapine ya ukuta mfupi, na resori zilizokatwa ili gari likae chini. Sura inapendeza. Lakini resori iliyokatwa inapunguza nafasi ya gurudumu kupanda, na gari likipiga shimo linagonga mwisho wake na kuruka. Gari lililokatwa resori linashika barabara vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani.

Anayetaka gari dogo lishike vizuri kwa pesa kidogo aanze na haya:

Kwanza mapine. Angalia tarehe: namba nne za mwisho kwenye ukuta wa pine zinaonyesha juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine lililozeeka linakuwa gumu na kuteleza hata kama meno yake bado ni marefu.

Pili amortisa. Sukuma pembe moja ya gari chini, uachie. Likiruka-ruka zaidi ya mara moja ao mbili, amortisa imekufa. Mafuta yakionekana kwenye mwili wake, pia imekwisha.

Tatu mipira midogo na viungo vya mikono ya magurudumu. Katika Starlet ya miaka thelathini, hivyo njo vinavyofanya volani icheze. Watu wengi wanaolaumu Starlet hawajawahi kuendesha Starlet nzima, wameendesha iliyochakaa.

Nne, pima upepo wa mapine yakiwa baridi, na fuata karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa shofa. Mapine ya mbele yenye upepo tofauti yanavuta gari upande mmoja siku freni inapofungwa kwa nguvu.

Starlet ya zamani yenye mapine mapya, amortisa nzima na shofa anayesikiliza itafika Sanga na kurudi. GR Yaris yenye mapine yaliyoisha, hata ikiwa na farasi 272, itakuwa na viganja vine visivyoshika kitu.