Kazi (fizikia)

Kazi, katika fizikia, ni kiasi cha nishati kinachohamishwa kani inaposogeza kitu. Hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Kipimo chake ni jouli, kutokana na jina la Mwingereza James Prescott Joule (1818–1889). Maana yenyewe iliwekwa wazi na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1829.

Kuvuta lita 20 za maji kutoka kisima chenye kina cha mita 10 huhitaji kani ya takriban nyutoni 196, bila kuhesabu uzito wa ndoo na kamba. Kazi ni jouli 1,960, na maji hupata nishati tuli ya kiasi hichohicho. Mvutaji akitumia sekunde 20, nguvu yake ni wati 98. Akitumia 40, ni wati 49, lakini kazi haibadiliki.

Hapa ndipo neno linapoachana na matumizi ya kila siku. Mchukuzi anayetembea kwa mwendo usiobadilika kwenye uwanja tambarare, gunia begani, halifanyii gunia kazi yoyote, ingawa jasho lake ni la kweli: kani yake inaelekea juu, gunia linakwenda mbele.