Mayai Kwenye Dema

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya likizo ilikuwa kumsaidia Babu kusugua madema yake ufukweni, Unguja. Tulitumia makumbi ya nazi na maji ya chumvi. Siku moja nilikuta kwenye fito vishada vya vitu vyeupe, laini, mfano wa zabibu zilizomenywa.

"Mayai ya dome hayo," alisema Babu, akanionyesha jinsi ya kuyabandua. "Dema chafu halivui."

Niliyabandua yote. Kuku wa jirani wakayamaliza.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na mwaka huu nimekutana tena na dema lile mahali ambapo sikulitarajia: ndani ya shairi la Kigiriki la karne ya 2. Mtunzi wake, Oppian, alitoka Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo. Shairi lenyewe, Halieutica, linahusu samaki na uvuvi. Humo anaeleza kwamba majira ya kuchipua yakifika, wavuvi walifunika mitego yao kwa matawi yenye majani mabichi na kuitega kwenye fukwe za mchanga. Dome, yule ndugu wa ngisi mwenye mfupa mweupe mwepesi mgongoni, alikuja kutafuta pa kutagia na pa kulia. Akaingia, akatulia chini ya majani, na safari yake ikaishia hapo.

Zaidi ya miaka 400 kabla ya Oppian, Aristotle alikwisha kuyaeleza mayai ya dome: makubwa, meusi, yameshikana kama kishada cha zabibu. Dome wa Mediterania huyapaka mayai yake wino, ndiyo maana ni meusi, tofauti na yale meupe niliyoyabandua mimi.

Kwa hiyo siri hii ni ya zamani sana. Mvuvi alijua kwamba dome anakuja pwani kuzaa, akautega uzazi wenyewe. Mbinu hiyo haijafa. Kwenye pwani za Italia na Ufaransa mitego ya dome imeendelea kutumika hadi zama zetu. Wengine hutia matawi, wengine humweka dome jike ndani ili awavute madume. Na ni uvuvi wa kistaarabu: haukwangui sakafu ya bahari, na kiumbe asiyetakiwa anaweza kurudishwa majini akiwa hai.

Tatizo huja baada ya mavuno. Dome huishi mwaka mmoja au miwili tu, huzaa, kisha hufa. Hakuna wazee watakaobaki wajaribu tena mwakani, na mavuno ya kesho yote yamo kwenye vile vishada. Mayai huhitaji mwezi mmoja hadi mitatu kuanguliwa, kutegemea joto la maji. Lakini msimu ukiisha, mitego hupandishwa nchi kavu, ikaanikwa juani au kuoshwa kwa mashine za maji ya presha. Mtego uliomchukua mama unawamaliza na watoto.

Tiba zinazojaribiwa si za ajabu. Kwenye pande zote mbili za mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, wavuvi wameombwa waiache mitego majini, milango wazi, hadi mayai yaanguliwe. Katika Bahari ya Adriatiki zimejaribiwa kamba zinazofungwa kwenye mitego: dome anatagia kwenye kamba, mtego unaondoka, kamba inabaki baharini. Ukifikiri vizuri, kamba hiyo ni lile tawi la Oppian, ila safari hii halirudi na mvuvi.

Hata hivyo, historia imenizoesha kuuliza nani analipa. Mtego ulioachwa majini unaweza kuchukuliwa na dhoruba, na kwa muda huo haumwingizii mwenyewe kitu. Tena dome hao hao, wakati wa baridi, hukaa kwenye kina kirefu katikati ya mlango ule wa bahari, na huko meli zinazokokota nyavu huwazoa kabla hawajafika pwani kutaga hata yai moja. Mvuvi mdogo ndiye anayeonekana na mayai mkononi, kwa hiyo ndiye anayesemwa kwanza. Naamini anapaswa kuambiwa. Siamini kwamba anapaswa kuambiwa peke yake.

Mwezi uliopita nilimpigia Babu simu, nikamsimulia habari za Oppian. Hakushangaa hata kidogo. "Hilo tunalijua." Nilipofika kwenye kuliacha dema majini na mayai yake, alinyamaza.

"Na siku zote hizo dema limekaa bure," aliuliza, "nyumbani tunakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamweleza habari ya kamba: anazifunga, anaziacha baharini, dema anarudi nalo.

"Kamba sawa," alisema baada ya muda. "Kamba ninazo."