Nani aliandika?

Kiswahili humtaja mtenda mwanzoni: niliandika, uliandika. Kiarabu, katika wakati uliopita, humweka mwishoni mwa kitenzi. Katabtu, niliandika; katabta, uliandika, akiambiwa mwanamume; katabti, akiambiwa mwanamke. Katabat ni yeye, wa kike. Sasa ondoa irabu, kama magazeti ya Kiarabu yanavyofanya kila siku: maneno yote manne hubaki herufi zilezile, kaf, ta, ba, ta. Msomaji huamua kwa muktadha, na mara chache hukwama. Kataba, yeye wa kiume, hana kiambishi cha nafsi hata kimoja. Ndiye kamusi humtumia kukitaja kitenzi. Mitaani Cairo wamerahisisha: katabt hutosha kwa mimi na kwa wewe, mradi wewe si mwanamke.