Kopo Lenye Lakiri

Aprili 1920 kundi la vipofu liliondoka hapa Leeds, Uingereza, kwa miguu kwenda London, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Wenzao walitokea Manchester na Newport, na wote kwa jumla walikuwa wapata 250. Walikuwa wanachama wa National League of the Blind, chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1899, ambacho viongozi wake walikuwa vipofu wenyewe. Wengi wao walisuka vikapu na kutengeneza brashi kwenye karakana za mashirika ya hisani, kwa ujira mdogo mno. Tarehe 25 walifika Trafalgar Square. Bango lao lilidai haki, si sadaka.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na Jumamosi hupita mlango kwa mlango nikichangisha fedha kwa ajili ya shirika la wasioona. Habari hii ilinichoma moyo nilipoisoma. Je, kopo nililobeba si ndilo walilolikataa? Nimelitafakari sana swali hilo. Naamini walichokikataa ni mkate wao kutegemea huruma ya mpita njia, na fedha kukusanywa kwa jina lao huku wao hawana kauli juu yake.

Mwaka huohuo wa maandamano, 1920, bunge lilipitisha sheria. Umri wa kipofu kupata pensheni ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 50, halmashauri zikapewa jukumu la ustawi wa wasioona, na mashirika yanayochangisha kwa jina lao yakalazimika kusajiliwa. Wanachama wa National League of the Blind hawakuridhika, na walikuwa na sababu: halmashauri nyingi ziliirudisha kazi kwa mashirika yaleyale ya hisani. Mwaka 1938 umri ukashushwa tena, hadi 40.

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya michango ya nyumba kwa nyumba, na kanuni zake zikatoka 1947. Humo ndimo lilimotoka kopo langu. Lina namba. Mfuniko umebandikwa karatasi ya lakiri ambayo huwezi kuibandua bila kuichana, na sina ruhusa ya kuigusa. Nikilirudisha, hufunguliwa mbele ya mashahidi, fedha zikahesabiwa na kiasi kikaandikwa pembeni ya namba ile. Shingoni nina beji, mfukoni cheti chenye saini yangu. Wako wanaoona huu ni urasimu mtupu. Mimi nauona ni heshima: anayetoa na anayechangiwa wote wana haki ya kujua senti imekwenda wapi.

Huko Harehills, mtaa wa hapa Leeds, nilibisha hodi kwa mzee mmoja ambaye mwenyewe haoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwenye kopo hatii kitu, hajatia tangu ujana wake. Alichotaka kujua ni kama kwenye kamati yetu wamo wasioona, au wanaletwa tu kupigwa picha. Nikamjibu kwamba mwenyekiti wetu haoni, na mweka hazina pia. Akauliza wanakutana lini, wapi, na kama mtu wa nje anaruhusiwa kusema. Nikamtajia siku, anwani na basi la kupanda, polepole, naye akavirekodi kwenye simu yake.