Kodi ya Wanawake wa Buyenzi

Tunapofundisha msamiati wa ndoa huwaandikia wanafunzi ubaoni maneno machache: mjane, mtalaka, mke mkubwa, mke mdogo. Hatukawii hapo, kwani maana zake zajulikana. Lakini katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, palikuwa na wakati ambapo karani wa kodi aliyafuta maneno hayo yote na kuandika mahali pake jina moja tu.

Mji huo wakati wa Wabelgiji uliitwa Usumbura, na tangu mwaka 1925 nchi ya Ruanda-Urundi ilikuwa imeunganishwa kiutawala na Kongo. Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waislamu wasemao Kiswahili, wengi wao wenye asili ya Umanyema na Ujiji. Mwanamume alilipa kodi ya kichwa, na mkewe akahesabiwa chini yake. Basi mwanamke asiye na mume ahesabiwe wapi? Serikali ikamtoza kodi yake mwenyewe, kama ilivyokwisha kufanya katika miji ya Kongo, na daftarini ikamwita mwanamke mzima mwenye afya aishiye peke yake "kwa nadharia". Neno hilo la nadharia lilibeba shutuma: kwamba haishi peke yake hata kidogo, bali anauza mwili wake.

Amri ya mwaka 1950 dhidi ya mitala ilizidisha mkanganyiko. Mke wa pili aliyeolewa kwa mahari na mashahidi, mbele ya shehe na majirani, mbele ya karani hakuwa mke. Wakubwa waliiita ndoa yake mitala ya kujificha, ingawa mtaa mzima ulikuwa umekula pilau yake.

Tumfikirie mjane mwenye watoto watatu. Amemaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi. Anakaanga maandazi alfajiri ili watoto wapate kula. Hana wa kumsaidia kulea, na sasa anadaiwa fedha kwa kosa la kufiwa. Fedha hizo zilikuwa nzito, hatusemi hazikuwa. Lakini uzito wa jina ulizidi. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi waliipinga kodi hiyo waziwazi, wakakataa wajane na watalaka wawekwe fungu moja na malaya. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyeandika habari zao mwaka 1991, aliona katika ghasia hizo ugomvi juu ya majina.

Nasi walimu wa lugha twapaswa kuliangalia kwa makini jina jingine walilopewa: "wanawake huru". Katika Kiswahili, huru ni kinyume cha mtumwa, na katika jamii zilizotokana na misafara ya Umanyema kumbukumbu ya utumwa haikuwa mbali. Neno ambalo bibi zao wangalilipokea kwa shukrani, wajukuu walirushiwa kama tusi.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Sheria yake ya watu na familia ya mwaka 1993 nayo inakataza mitala, na mwaka 2017 serikali iliwaamuru wanaoishi pamoja bila ndoa halali waoane kabla ya mwaka kwisha. Mwanamume mwenye wake wawili alipaswa kuchagua mmoja wa kuandikishwa. Yule wa pili alibaki na watoto wake, na jina lake likatafutwa upya.